Papa Banza, Mtu Aliyejifunza Kuanza

Tarehe 30 Juni 1956, baada ya miaka thelathini na mmoja katika uwanja wa mabehewa wa Élisabethville, kapita wetu, yaani msimamizi wa kikosi, Anaclet Banza, anastaafu. Alifika kutoka Kongolo mwaka 1925, akapewa kazi ya kufunga minyororo inayounganisha mabehewa.

Anayemjua leo, mtu wa kutazama kwanza na kusema baadaye, hawezi kuamini alivyokuwa. Kijana Banza alikuwa na pupa. Alikula bukari la moto, ugali wetu wa kila siku, akaungua ulimi, akacheka, akamega tena. Jumapili baada ya misa, kambi ilipocheza kisolo, ule mchezo wa mbegu na mashimo ya mistari minne, watu walipanga foleni kucheza naye. Alikimbilia kula mbegu za mwenzake tangu mkono wa kwanza, yaani zamu ya kwanza, akiacha zake wazi, naye akashindwa haraka.

Machi 1933 aliingia kati ya mabehewa mawili kabla bendera haijashushwa kuonyesha kwamba mabehewa yamesimama. Vyuma vikakutana. Alipoteza vidole viwili vya mkono wa kushoto. Hospitalini alilala wiki sita, akihofia kurudishwa Kongolo bila kazi, na mkewe Brigitte akiwa na mimba ya kwanza.

Mfagiaji wa wodi ile alikuwa Mama Clotilde, mjane kutoka Kasai. Aliwakuta wagonjwa wakicheza kisolo, akaweka ufagio ukutani, akamshinda Banza mara tatu. Banza alipodai mara ya nne, mama alizikusanya mbegu.

"Papa, weye unajua kukula tu. Kuanza haujui."

Tangu siku hiyo alimfundisha mikono mitano ya kwanza, basi. Asile kitu. Aondoe mbegu kwenye mashimo ya mbele ambayo adui anayafikia, azikusanye nyuma, atazame mwenzake anajipangaje. Mkono wa tano ukiisha, mama anachanganya mbegu zote: "Anza tena."

Siku ya nne Banza alikasirika. "Mama, tutamaliza siku gani?"

"Kumaliza haiko ngumu. Bendera ya kazi yenu ilikuwa juu ao chini, siku ya ajali?"

Banza aligeukia ukuta. Ametuambia mwenyewe kwamba alilia, mara ya kwanza tangu ajali, kwa sababu hakuna aliyekuwa amemuuliza, na jibu alikuwa nalo. Asubuhi yake ndiye aliyemwita mama waje wacheze.

Siku ya kutoka hospitalini walicheza mpaka mwisho. Banza alishindwa, lakini kwa shida. Mama Clotilde alijipangusa uso kwa kitenge: "Leo umenitoa jasho, papa."

Kazini hawakumfukuza, walimpa bendera badala ya minyororo. Mwaka 1940 akawa kapita. Kwake, mgeni hagusi mnyororo wiki nzima. Anasimama kando, anataja behewa gani litasogea na kwa nini. Nilipofika mwaka 1942 nililalamika kwamba nilikuja kufanya kazi, si kuangalia. "Kuangalia iko kazi," alinijibu, akaniongezea siku tatu. Katika miaka yake kumi na sita ya ukapita, hakuna mtu wa kikosi chetu aliyepoteza hata ukucha.

Tusimsifu kupita kiasi. Kwenye kisolo amekuwa mateso: anafikiria mkono wa pili mpaka mwenzake anakwenda kula chakula na kurudi. Ila mwaka 1949 alimshinda Mwansa, bingwa wa Kipushi, na mashabiki waliokuja na ngoma walirudi nazo kimya.

Jioni ile alitaka kumpelekea habari mwalimu wake, Mama Clotilde, akaambiwa amekwisha kurudi kwao Kasai. Miaka miwili aliulizia kwa kila dereva wa treni aliyetoka Kasai, hadi mmoja akamletea salamu: mama yuko hai Luluabourg, huko huko Kasai, macho yamepungua nguvu ya kuona, na anauliza, yule mtoto wa Brigitte alizaliwa salama?

Mtoto huyo, Madeleine, sasa ni muuguzi. Jumatatu atapanda treni pamoja na wazazi wake kwenda Luluabourg, ili mama yule amshike mikono na kujionea kwa vidole.

Papa Banza, wengi wetu tunarudi nyumbani wazima kwa sababu yako. Asante sana. Wewe na Mama Brigitte, tunawaombea safari ya amani, afya, na siku nyingi zisizo na king'ora cha kazi.