Makufuli na Chumba Chake cha Kompyuta

Marehemu, ambaye wengi tulimzoea kwa jina la Makufuli, alizaliwa tarehe 11 Machi 1959, mtoto wa kwanza wa fundi bomba na mkewe. Baba yake alifariki marehemu akiwa bado kijana. Mama yake yupo nasi, amekaa mstari wa mbele. Ni yeye anayesimulia kwamba mwanawe alipokuwa mdogo alikuwa akilifunga sanduku lake la nguo kwa kamba, fundo juu ya fundo, na ndani mlikuwa na shati moja na gololi. "Nikamuuliza, mwanangu, nani atakuibia gololi? Akaniambia, mama, wewe hujui watu."

Alisoma shule ya msingi ya karibu na nyumbani, kisha akamaliza kidato cha nne mwaka 1977. Shuleni alikabidhiwa ufunguo wa maktaba. Siku moja mwalimu mkuu alitaka kuingia bila kuandika jina lake kwenye daftari la mlangoni, marehemu akamzuia. Alichapwa. Ufunguo hakunyang'anywa.

Mwaka 1980 aliajiriwa na kiwanda cha rangi kama msaidizi wa ghala, akapanda hadi kuwa mtunza ghala mkuu, kazi aliyoifanya mpaka alipostaafu mwaka 2014. Jina la Makufuli alilipata huko. Wafanyakazi wenzake walisema walikuwa wakiusikia mshipi wake wa funguo kabla hawajamwona, wakapata nafasi ya kuzima sigara. Katika miaka yake yote halikupotea kopo hata moja la rangi, na hilo ni kweli, kiwanda kilimpa cheti.

Alifunga ndoa tarehe 6 Juni 1992. Alikuwa amekwenda kwa kina binti aliyekuja kumwoa, kuchukua suruali aliyopeleka kushonwa, akaona komeo la mlango wao limelegea, akalitengeneza kabla hata hajakaribishwa kiti. Siku hiyo alipendeza. Hilo nalo lisemwe. Mkewe hakuwahi kwenda shule na marehemu alilijua hilo, akasema yeye anataka mshonaji, hataki karani. Walijaliwa watoto wawili, binti na kijana.

Mwaka 1998 kiwanda kilitupa kompyuta zake za zamani, marehemu akaja na moja nyumbani ndani ya toroli, ameifunika blanketi kama mgonjwa. Aliiweka katika chumba cha uani, ambacho kilikuwa chumba cha cherehani. Cherehani ikahamia barazani. Mvua ikinyesha ilifunikwa kwa nailoni. Chumba kikatiwa kufuli, na ufunguo wake ulikaa shingoni mwa marehemu hata akiwa anaoga.

Alijifundisha mwenyewe. Akaleta na nyingine, akazifungua, akazifunga, akaziunganisha mbili zikawa moja. Kuanzia mwaka 2003 alikuwa akiandika makala fupi kuhusu kompyuta za nyumbani na jinsi ya kuzilinda na wezi, akizichapisha na kuzibandika kwa kinyozi, pembeni ya kioo. Wateja walizisoma wakinyolewa. Aliandika kwamba kompyuta ni kama mgeni mla sana, ukiishindilia kila kitu itasinzia mezani. Aliandika kwamba ukiletewa ujumbe umeshinda gari, kwanza jiulize ni lini uliingia mashindanoni. Aliandika kwamba mtu anayetumia jina la mwanawe kuwa neno la siri ni sawa na anayeficha ufunguo chini ya zulia halafu akawatangazia majirani kwamba zulia ni jipya. Watu walicheka mpaka kinyozi akawa anasimamisha wembe. Wapo walionusurika kuibiwa kwa sababu ya makala hizo, na leo wamekuja.

Katika makala hizo alikuwepo pia mke. Mke wa kwenye makala alikuwa akifungua kila kinachobisha hodi. Marehemu aliandika: "Ukuta wa kompyuta yangu hauna tundu. Tundu liko jikoni, linapika." Utani huu ulipendwa sana. Upande wa ndugu wa marehemu, mkewe akaanza kuitwa Tundu, na watoto wa wifi walikua wakidhani ndilo jina lake.

Mwaka 2012 marehemu alikusanya picha za ukoo wote. Zilikuwa zimeshikana kwa unyevu. Alizipitisha moja moja kwenye mashine ya kunakili picha, akazihifadhi kwenye kompyuta, na zile za karatasi akazichoma, kwa kuwa zilikuwa zimeota ukungu. Humo zilikuwamo picha zote za baba yake. Mama alisita kuzitoa. Marehemu alimwambia, "Mama, huku haziliwi na mchwa." Alitengeneza na nakala kwenye diski ya pembeni, kama alivyokuwa akiwafundisha watu.

Mwezi Agosti mwaka huohuo, mchana wa siku ya mapumziko, mkewe akiwa barazani anapinda mapazia ya jirani, marehemu alitoka chumbani amejaa furaha. Alisema, "Mama watoto, wamenisoma ng'ambo! Wenye programu ya kuzuia virusi wameniandikia, wanasema makala zangu zimewafikia." Akarudi ndani kuufungua waraka waliomtumia. Ulikuwa ujumbe wa wezi. Kompyuta ilijifunga na kila kilichokuwa ndani. Diski ya nakala ilikuwa imechomekwa humohumo, kwa kuwa alikuwa akiongeza picha, nayo ikafungwa. Wezi walitaka walipwe. Marehemu alikataa, akasema mwizi halipwi.

Jumapili ndugu walikuja. Mama aliuliza, "Na picha za baba yenu?" Marehemu aliangalia sakafu, halafu akaelekeza kidevu jikoni. Akasema, "Aliingia kufagia, akabonyeza." Wifi akasema, "Si ulituandikia mwenyewe, kaka? Tundu!" Mama hakupiga kelele. Alimwambia mkwewe, "Umemzika mume wangu mara ya pili." Toka siku hiyo hajapokea kitu mkononi mwa mkwewe, hata kikombe cha maji.

Chumba kilikuwa na kufuli na ufunguo ulikuwa shingoni. Kompyuta ilikuwa na neno la siri, na makala ya mwezi uliotangulia ilijigamba ukutani kwa kinyozi kwamba neno hilo halijui hata mke wa ndani. Mke mwenyewe wakati huo hakujua kusoma. Hakuna aliyeuliza.

Mkewe alijiunga na darasa la watu wazima mwaka 2016. Alipoweza kusoma, alikwenda kwa kinyozi, akasimama akasoma ukuta mzima, toka juu hadi chini. Kinyozi alimwambia, "Shemeji, usizitie moyoni, ni utani wa mzee." Akamjibu, "Nasoma tu, shemeji. Nyoa mteja."

Mwaka 2021 marehemu alipata kiharusi na mkono wa kulia ukafa. Alihudumiwa nyumbani na mkewe kwa kila kitu, kuogeshwa, kulishwa, kugeuzwa. Makala hakuziacha. Ndipo mkewe alipoingia chumba cha uani kwa mara ya kwanza tangu kitiwe kufuli na kukaa kitini, marehemu akilibonyeza neno la siri mwenyewe kwa mkono wa kushoto, kisha akisema, yeye akiandika kwa kidole kimoja. Wakati fulani mwaka huu, katikati ya makala kuhusu vumbi kwenye feni, marehemu alisema, "Andika: Wasomaji wangu, na mimi nimewahi kuibiwa. Niliufungua ujumbe mwenyewe, kwa sababu ulinisifu."

Akaandika.

"Andika: Mke wangu hakuwemo chumbani."

Akaandika.

"Hebu soma." Akamsomea. Marehemu alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Futa hapo."

"Wapi?"

"Hapo pa kuibiwa, pote. Watanicheka, mama watoto. Na mama atasikia."

"Nifute?"

"Futa." Akamwonyesha kitufe cha kufutia kwa mkono wa kushoto, kana kwamba hakijui. Mkewe akafuta. Makala ilibandikwa na habari za vumbi peke yake, na watu walicheka kama kawaida.

Marehemu alipata kiharusi cha pili na kufariki tarehe 19 Septemba 2023, saa tano asubuhi, kitandani kwake. Neno la siri la kompyuta hakulisema, wala hakuulizwa. Ufunguo wa chumba ulitolewa shingoni alipokuwa akioshwa. Cherehani imerudishwa ndani.

Wifi alipokuja kwa mjane kuchukua habari za marehemu za kuchapisha alisema, "Wewe tupe tarehe tu, mengine sisi tutajaza." Tarehe ndizo hizo. Mengine nayo yamejazwa, na binti wa marehemu amekubali kuyasoma kama yalivyo.

Marehemu ameacha binti, kijana na wajukuu wawili. Ameacha dada mmoja. Ameacha kompyuta tatu na wasomaji wa kwa kinyozi. Ameacha mjane, ambaye hakuwemo chumbani. Na amemwacha mama yake mzazi, ambaye ni mtu mzima na jua hili ni kali. Mtungi uko karibu na nguzo ya hema. Usomaji huu ukiisha mkwewe atamletea maji, na anaombwa ayapokee.

Makufuli, lala salama. Ulichofuta kimerudishwa.