Mikono ya Mama Rose Nayo Inastaafu

Tarehe thelathini mwezi huu wa sita, Rebeka Masele anavua gambuti baada ya miaka ishirini na saba ya kukata minofu ya sangara hapa kiwandani kwetu Nyakato. Ukimtafuta kwa jina hilo hutampata, sote tunamwita Mama Rose. Miaka ishirini na saba, jamani! Kuna mashine zimekuja mpya, zikachakaa, zikauzwa chuma chakavu, yeye yupo tu palepale meza ya dirishani na kisu chake na nyimbo zake za kwaya.

Siku yake ya kwanza walimpa sangara mkubwa wamcheke. Akamchuna ngozi ikatoka nzima kama shuka. Wengi mlioko kwenye laini leo yeye ndiye kawafundisha. Mtu akikosea hamfokei, anaushika mkono wake na kisu humohumo, anauendesha polepole, huku anamwambia, "Samaki keshakufa, mbona unamgombeza?" Hata msimamizi wetu Revocatus, siku aliyoingia ndani bila kunawa, alirudishwa kwenye sinki kama mtoto wa chekechea. Akarudi kweli!

Sasa tuje kwenye mikono. Mwenyewe karuhusu, tena kaniambia, "Nasma, ukiliruka hilo, hiyo karatasi yako ya kuniaga siisomi."

Hapa kila mtu ananawa kabla ya kuingia, kama ile picha ya ukutani ya hatua za kunawa inavyoonyesha. Mama Rose alikuwa ananawa, anafika mlangoni, anarudi, ananawa tena. Anafika mlangoni, anarudi. Sasa kwenye kiwanda cha samaki nani ataona ubaya wa kunawa? Tukasema huyu ndiye mfano wa kuigwa. Kila mwaka zawadi ya usafi yake: mara beseni, mara kitenge, mwaka mwingine pasi. Picha yake ikabandikwa juu ya masinki, sisi makofi. Kumbe chini ya glavu mikono imepasuka mpaka inatoa damu. Tukasema ni klorini. Wengine wakasema karogwa na mtu anayeitaka ile zawadi. Yaani mtu arogwe kwa ajili ya beseni!

Basi Rose, binti yake, akajifungua kule Ilemela. Mama Rose akaenda na vitenge na mchele, akakaa kwenye kiti karibu na mlango, mtoto hakumshika. Safari ya pili akasema ana mafua. Ya tatu, mgongo. Rose akanipigia simu analia, "Mamdogo, hivi mama hamtaki mwanangu?" Na mpango ulikuwa akistaafu ahamie kwao, amlee huyo Nkwabi mdogo. Sasa bibi anayemkwepa mjukuu utaishi naye vipi nyumba moja?

Nikamshika Mama Rose mkono mpaka kliniki ya ngozi. Muuguzi akaiangalia ile mikono, akauliza swali moja tu, kwamba akimaliza kunawa anajisikia msafi? Mama Rose akasema, "Kidogo tu. Halafu linarudi."

Linarudi nini? Ndipo akalitoa. Kuna wazo linamng'ang'ania kichwani kwamba mikono yake ina kitu cha kumuua mtoto. Na anajua si kweli! Hapo ndipo nilipochoka. Nikamuuliza, sasa kama unajua, unanawa nini? Akanijibu, "Nasma, ningeweza kuacha si ningeacha?"

Tukaelekezwa kliniki ya afya ya akili, kwa Daktari Yunus. Mimi nilidhani huko ni kwa watu wanaochana nguo barabarani, kumbe foleni imejaa watu kama mimi na wewe. Huo ugonjwa una jina refu la Kizungu, sisi tunauita mawazo ya kung'ang'ania. Daktari akasema mawazo ya ajabu kila mtu yanampitia. Kweli kabisa, mimi nikisimama kivukoni huwa linanijia wazo la kuitupa simu ziwani, linapita, naendelea na karanga zangu. Kwake yeye halipiti. Linakaa linadai, akinawa linatulia, kesho linarudi linadai zaidi. Ni kama wale korongo wa nje ya geti letu: watupie utumbo leo, kesho wanakuja na ndugu zao.

Kwa hiyo dawa ni kuwanyima utumbo. Vidonge alipewa, lakini kazi kubwa ilikuwa mazoezi. Anashika kitu anachokiogopa, halafu hanawi, anakaa na ile hofu mpaka ishuke yenyewe. Na inashuka! Mimi nilikuwa namkodolea macho kama naangalia mpira. Alianza na kitasa cha mlango, akaja kwenye dagaa wa sokoni Mkuyuni, akaja kwenye fulana ya Nkwabi. Hapa kazini ananawa kama sisi wengine, mara moja, kama ile picha ya hatua inavyosema, anaingia. Picha yake ya juu ya masinki aliomba mwenyewe itolewe.

Na sisi tulikuwa na zoezi letu. Alikuwa anauliza, "Nimenawa vizuri?" na sisi kwa upendo, "Umenawa, mama, umetakata." Daktari akasema hayo majibu yetu nayo ni utumbo uleule. Akiuliza, tusijibu, tukae naye tu. Jamani, mimi ninyamaze! Afadhali mnibebeshe kreti za barafu. Revocatus akaniona nimebana midomo kwenye laini akasema, "Nasma kanyamaza, leo itanyesha mvua ya mawe."

Ikafika siku yenyewe, Jumapili, Ilemela, nami nilikuwepo. Tumetoka sokoni, tumeshika mizigo na noti, hatujanawa. Rose akamchukua Nkwabi, akamweka mapajani kwa bibi yake. Mama Rose jasho linamtoka, mikono kaiweka juu hewani kama kakamatwa na polisi. Halafu akaishusha, akamshika. "Rose, mwanangu, hatadhurika?" Rose akageukia dirishani, anaangalia mawe ya kule mlimani, machozi yanamshuka, hajibu. Na mimi sijibu. Nkwabi akadaka kidole cha bibi yake, akakitia mdomoni. Mama Rose akafumba macho. Chai ikapoa, hakuna aliyeigusa. Mwisho akafumbua macho akasema, "He! Kumbe ana jino!"

Halijaisha lote. Daktari kasema siku nyingine litabisha hodi, ila sasa anajua namna ya kuliacha mlangoni. Wiki ijayo anahamia Ilemela, na chumba chake ndicho kile kilichowekwa kitanda cha mtoto.

Mama Rose, asante kwa visu ulivyotufundisha kushika, na asante kwa kukubali tuyaseme haya ili mwingine asipewe beseni wakati anahitaji daktari. Ustaafu wako uwe mtamu, magoti yasikusumbue, na huyo Nkwabi akuchoshe vizuri.

Wageni wetu, leo mtamwona meza ya mbele, mjukuu mapajani, anamlisha sangara kwa vidole vyake. Akikugeukia akakuuliza kama mikono ni safi, usimjibu. Mwongeze samaki.