Mshale Unaonyesha Nini

Pale barabara ya lami inapojikunja kuingia mtaa wa nyuma, kuna benchi refu la mbao lililoegemea ukuta wa nyumba ya Mama Pacha. Mguu wake mmoja ni mfupi, umewekewa tofali, na wazoefu wanajua kwamba ukikaa upande ule usicheke sana. Hapo ndipo Shangazi anapoweka jiko lake la mkaa na birika la kahawa. Hapo hukaa Kimya, karani mstaafu wa posta, aliyepewa jina hilo kwa sababu hajawahi kunyamaza. Hapo huegesha Breki, dereva wa teksi, akisubiri abiria ambao mara nyingi nao wanamsubiri yeye mahali pengine. Na hapo hukaa fundi wa mabati, ambaye mtaa mzima unamwita Kesho, kwa sababu ukimuuliza kazi yako itaisha lini, jibu ndilo hilo. Mama Pacha mwenyewe hakai benchini. Yuko hapo hapo kibarazani kwake, kwenye cherehani, anashona viraka na kupunguza suruali za watu, na watoto wake mapacha wanacheza na vipande vya vitambaa miguuni pake. Lakini masikio hayana mlango, na yote yanayosemwa benchini yanapita kwake.

Siku hiyo mazungumzo yalikuwa yale yale, ya kibao.

Kibao kilikuja bila hodi. Kisiwa chao ni kidogo, ukipiga chafya upande huu, upande wa pili wanakuombea afya, lakini serikali yake ina mambo makubwa. Ilitangaza redioni sera mpya: kila mtaa uwe na kivutio chake, ili wageni wanaoshuka kwenye meli wasirundikane bandarini wakitazama makontena. Watu wakapiga makofi, kwani nani hapendi wageni. Kisha mchana mmoja, watu wakiwa wamejilaza baada ya chakula, walikuja vijana na gari, wakachimba shimo, wakasimika nguzo, wakaenda zao. Mtaa ulipoamka ukakuta kibao cha buluu kimeandikwa KIVUTIO CHA TAIFA. Chini yake mshale. Chini ya mshale, kwa herufi ndogo, onyo kwamba ni marufuku kubadilisha chochote.

Tatizo ni ule mshale. Ukisimama hapa, unaonyesha nyumba ya Mama Pacha. Ukisogea kidogo, unaonyesha benchi. Ukiinama, mtaro wa maji machafu. Na ukivua miwani, kama alivyofanya Kimya ili aone vizuri, unaonyesha mbinguni.

Tatizo la pili lilikuwa la mtu mmoja. Bati la Mama Pacha lilikuwa limetoboka, na lilitoboka juu ya kitanda cha watoto, si penginepo. Pacha mdogo alikuwa na kifua, akilala anakoroma kama birika la Shangazi, na mvua zilikuwa zinanukia. Bati jipya lilikuwepo, limelazwa uvunguni, ila Kesho alikataa kupanda, na safari hii haukuwa uvivu. Mtaa wa pili, penye kibao kama hiki, bwana mmoja alipaka rangi lango lake la chuma. Akaitwa, akaamriwa airudishe kutu. Mpaka leo bwana yule anamwagia lango maji ya chumvi, na kutu inamringia.

Mama Pacha alihangaika ofisini, mtoto mmoja mgongoni na mwingine mkononi. Ofisi ya mtaa ikamwambia aende Utalii. Utalii wakamwambia nyumba ni mambo ya Ardhi. Ardhi wakamwambia wao ni wa chini, paa liko juu. Kila alipofika walimpokea vizuri. Mlinzi alimbebea mtoto akiwa kwenye foleni, karani mmoja alitoa biskuti kwenye mkoba wake mwenyewe, mwingine aliinuka akampa kiti. Alirudi nyumbani anawaombea dua watu wale wote, na bati bado liko uvunguni.

Jirani zake nao hawakulala. Breki alitoa turubai la kufunikia teksi yake, wakalitandika juu ya paa. Basi Kimya akasoma tena zile herufi ndogo, akaona kwamba turubai nalo ni badiliko. Tangu hapo wakawa wanalitandika jioni, na asubuhi kabla ofisi hazijafunguliwa Breki na Kimya wanalitoa, wakilikunja pamoja kama shuka la mgonjwa. Ila turubai lenyewe lilikuwa na matobo kulishinda bati.

— Mimi nilishasema, ni ile nguzo ya umeme, alianza Breki. Wageni wangu wote wanaipiga picha. Kwao nguzo zimenyooka. Hawajaona iliyolala namna ile na bado ina moto.

Kimya alitikisa kichwa. Alisema nguzo ni ya juzi tu, kivutio lazima kiwe na historia, na kwa hiyo ni nyumba. Babu yake alimhadithia kwamba kuna mfalme alipita mtaa huu akaomba maji ya kunywa.

— Akapewa? aliuliza Shangazi.

— Babu hapo hakufika, alikuwa anasinzia.

Mama Pacha alisema bila kuinua macho kwenye kitambaa:

— Mzee wangu, nyumba hii aliijenga mama mkwe, na bado yu hai. Mfalme gani?

— Wa baadaye, alijibu Kimya, na akaomba kikombe kingine.

Shangazi alimmiminia. Kisha akachota maji ya moto, akatia tangawizi, akampelekea Mama Pacha kwa ajili ya kifua cha mtoto. Aliporudi alisema yeye anafikiri ni mtaro. Wenzake walipocheka aliwauliza ni kitu gani kingine hapa ambacho serikali haijawahi kukigusa tangu uhuru. Hapo kicheko kikapungua, kwa sababu hoja ilikuwa nzito.

Mama Pacha aliona ajaribu tena.

— Kesho, ndugu yangu. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Kimya ndiye aliyejibu, kidole juu:

— Huo ni ufa, mwanangu. Wahenga hawakusema usipoziba bati. Wangetaka bati wangesema.

— Na mimi nina methali yangu, Kesho akasema. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi napanda mapaa, guu langu ndilo ngazi yangu.

— Basi mkuu amesema nini?

— Hapo ndipo sijui, dada. Ningejua alichosema, ningejua namna ya kumkaidi.

Breki alikuwa amenyamaza, na Breki akinyamaza ujue kuna jambo linakuja. Alisema amegundua. Wageni wanaposhuka kwenye gari lake hawatazami nguzo wala nyumba. Wanatazama benchi. Wanawatazama wao wamekaa, wanakunywa, wanabishana, na wanapiga picha.

— Kivutio ni sisi, akasema.

Hilo liliwaingia. Kesho alikaa wima. Shangazi alifunga vizuri kilemba chake. Kimya alipata wasiwasi mwingine, kwamba kama kivutio ni wao, na ni marufuku kubadilisha chochote, basi je, anaruhusiwa kubadilisha shati? Alilonalo amelivaa tangu juzi.

— Tumeshalisikia, Shangazi akasema.

Kutoka hapo hawakushikika tena. Breki akauliza, mtu wa benchi hili akifa, je, familia imzike au iombe kibali? Kimya akasema wasizeeke kwanza, kuzeeka ni kubadilika. Mwisho Breki akaja na kali kuliko zote. Alisema kivutio ni waziri mwenyewe. Hakuna aliyewahi kumwona, wanamsikia tu redioni, na mshale umewekwa ili wageni wamtafute, kwa kuwa wao wana kamera nzuri.

Mama Pacha alicheka mpaka uzi ukakatika. Kisha pacha mdogo akakohoa, kikohozi kile kirefu, naye akainama kumsugua mgongo.

Wakati huo ndipo alipotokea kijana mgeni. Shati limechomekwa vizuri, kitambulisho kinaning'inia kifuani, viatu vyeupe kwa vumbi kwa kutembea mchana kutwa. Aliwaamkia wazee shikamooni kama aliyelelewa. Alipojitambulisha kwamba anatoka Idara ya Vivutio, na amekuja kukikagua kivutio, benchi zima lilisimama, hata upande wa tofali. Walimshukuru Mungu. Maadam serikali imekuja kwa miguu yake, fumbo limekwisha. Kimya alifunga vifungo vya shati. Breki alikwenda kusimama karibu na nguzo ya umeme, ikitokea kwamba yeye ndiye aliyepatia. Mama Pacha alisimamisha cherehani, akambeba mtoto ubavuni, akateremka kibarazani.

Kijana alikitazama kibao. Akaufuata mshale kwa kidole mpaka kwenye nyumba, akarudi. Akaufuata mpaka kwenye mtaro, akachungulia, akarudi. Akamwinamia Shangazi, akauliza kwa sauti ya chini, kama mtu anayeulizia choo:

— Samahani, shangazi. Kivutio chenyewe ni kipi?

Walikuwa na majibu tele dakika ile iliyopita, na sasa hata moja halikutaka kutoka. Kila mmoja alikuwa anapima. Wakisema ni nyumba, bati la Mama Pacha ndiyo limezikwa uvunguni. Wakisema hakuna kitu, kibao kitang'olewa, na wageni ndio waliomfanya Shangazi aongeze vikombe na Breki asilale tena kwenye usukani. Mama Pacha aliyajua hayo yote. Hakumwangalia mtu usoni, asije akamlazimisha.

Shangazi alivitazama vikombe vyake vipya. Akamtazama mtoto.

— Mwanangu, andika hakuna kitu, akasema.

— Siwezi, shangazi. Nikiandika hakuna, wataniuliza kimekwenda wapi.

— Kwani kilikuwepo lini?

— Kwenye sera kipo.

Kimya akamshauri awaulize waliokisimika. Kijana alieleza kwa adabu kwamba waliosimika ni mkandarasi, mkandarasi alielekezwa na kamati, na kamati ilivunjwa, ikapongezwa kwa kumaliza kazi. Hakuwa mtu mbaya. Alieleza akijifuta jasho, na Shangazi alipompa kahawa aliipokea kwa mikono miwili.

Mama Pacha akamweleza habari ya bati, tangu mwanzo. Kijana alisikiliza mpaka mwisho, akamtazama yule mtoto, sasa amesinzia begani kwa mama.

— Dada, nikikuruhusu, kumbe bati ndilo kivutio, mimi nitakuwa nimekibomoa. Nikikukataza, kumbe silo, nitakuwa nimekunyanyasa bure. Afadhali nisiseme.

— Sasa atakayesema ni nani?

Kijana alionekana kweli anamtafuta mtu huyo kichwani, mmoja baada ya mwingine, na hampati.

Mama Pacha alimhurumia. Akamuuliza jingine:

— Kaka, kwenu nyumbani bati likitoboka juu ya kitanda cha mtoto, mnafanyaje?

— Kwetu? Tunamwita fundi.

— Mnamuuliza nani kwanza?

Kijana akafikiri.

— Mama.

— Na mama anasemaje?

— Anasema mnangoja nini.

Ilikuwa kama amejisikia mwenyewe kwa mara ya kwanza. Mama Pacha alimgeukia fundi, na sauti yake ilikuwa ya upole, lakini haikuwa ya kuomba.

— Kesho. Unangoja nini?

Fundi aliweka kikombe chini. Alivuka barabara, akaingia karakana yake, akatoka na ngazi begani. Akaiegemeza kwenye paa, akaweka mguu mmoja kwenye kipago cha kwanza, mwingine akauacha ardhini, akamgeukia mtu wa Idara.

— Unasema nipande?

— Sikusema upande.

— Kwa hiyo nisipande.

— Wala sikusema usipande.

Kesho akabaki hivyo hivyo, nusu mtu, nusu ngazi. Breki alisema mguu mmoja haujawa kupanda. Kimya alisema ni nusu kupanda, kwa hiyo ni nusu kosa, na nusu kosa huadhibiwa kwa nusu bati. Shangazi aliwaambia wote wawili wamletee bati kutoka uvunguni, wakaingia ndani bila kuacha kubishana, wakatoka nalo wamelishika huku na huku, bado wanabishana.

Mama Pacha alimpa Shangazi mtoto. Akaenda akaishika ngazi upande mmoja, kwa sababu ardhi pale ina mteremko na ngazi ilikuwa inacheza. Kesho akamtazama, akauinua mguu wa pili kutoka ardhini. Kipago kikalia. Ngazi ikayumba. Na yule kijana wa Idara, akiwa bado anaeleza kwamba yeye hayumo, kwamba rasmi hata hajafika mtaa huu, akatua kikombe benchini na kuja kuishika upande wa pili.