Papa Zagabe na Somo la Kanada Lisilo na Ruhusa ya Kutoka

Tarehe 31 Julai mwaka huu, baada ya miaka thelathini na minane kasoro kidogo ya utumishi, mhadhiri wetu, Chef de Travaux Zagabe Apollinaire wa Idara ya Historia anastaafu. Kwetu hii ni habari ya kushangaza. Mwalimu wa chuo cha serikali kwa kawaida hastaafu. Hufundisha mpaka siku anapoletwa chuoni ndani ya sanduku, Mkurugenzi anasoma hotuba, na wiki inayofuata ratiba inabadilishwa. Papa Zagabe ameamua kuondoka kwa miguu yake mwenyewe, na kwa kufanya hivyo amewasumbua wakubwa, kwa maana hakuna aliyekuwa anajua hatua za kufuata.

Jarida la chuo limenipa mimi kazi ya kuandika wasifu wake. Labda ni kwa sababu ofisi yangu na ukumbi wake vimetenganishwa na ukuta wa mbao, kwa hiyo nimelisikiliza somo lake miaka kumi na tisa bila kujiandikisha. Au labda ni kwa sababu chuo kizima kinajua nilivyolichukia somo hilo, na kuna watu hapa wanapenda kuchekeshwa. Vyovyote iwavyo, asante kwa heshima hii.

Nianze na jambo lililotushinda. Papa Zagabe alipoulizwa anataka zawadi gani ya kuagwa, alikataa mbuzi, alikataa kitambaa cha suti, na alikataa ile saa ya ukutani ambayo tumekwisha kumpa kila mtu. Aliomba kitu kimoja tu: apatikane mwalimu wa kulichukua somo lake, lisife. Tulikuwa sita katika kikao. Wote sita tulitazama dari, ambayo kwa kweli inahitaji kutengenezwa.

Somo lenyewe linaitwa Historia ya Jamii na Siasa ya Kanada, kutoka 1914 hadi 1945. Ndiyo, Kanada. Ndiyo, hapa Bukavu. Lilianzishwa na Padri Blanchard, mmisionari wa kutoka Quebec, aliyefundisha kile alichokijua, na alichokijua kilikuwa ni kwao. Mwezi wa kumi mwaka 1988 padri alikwenda likizo. Somo alimwachia msaidizi mpya, kijana mwembamba wa Katana aliyevaa koti la kuazima, akamwambia alishike kwa muhula mmoja tu. Likizo ya padri inaendelea hadi leo. Wakati huo programu ya taifa ilikuwa imekwisha kuliandika somo hilo, na kitu kikishaandikwa katika programu ya taifa, hata radi haikiondoi.

Basi kijana akavisoma vitabu vyote vya padri, na alipomaliza akavisoma tena. Kanada yenyewe hajawahi kufika, wala hajawahi kuomba kwenda. Anasema anaogopa baridi. Mvua ikinyesha Bagira, anakoishi, yeye huvaa sweta mbili.

Lakini theluji ilibidi ifundishwe. Katika miaka ya tisini Papa Zagabe alichukua bonge la barafu kutoka friji ya mkewe, Maman Adèle, anayeuza vinywaji baridi, akalitia ndooni na kupanda nalo basi kuja mjini. Foleni ya siku ile mnaifahamu, ni ileile ya leo. Alipofika ukumbini ndoo ilikuwa na maji. Mtu mwingine angeona aibu. Yeye aliinua ndoo juu na kutangaza kwamba hiyo ndiyo theluji ya Kanada ya mwezi wa nne, na wanafunzi wakaandika. Wengine wao leo ni wakaguzi wa shule.

Kisha kuna habari ya gari. Katika ule mtikisiko mkubwa wa uchumi wa miaka ya thelathini, wakulima wa Kanada walikosa fedha za petroli, wakayafungia magari yao farasi na kuendelea na safari. Siku moja petroli ilipotea Bukavu nzima. Papa Zagabe alionekana akiingia chuoni ameketi nyuma ya usukani, tai shingoni, gari lake likisukumwa na mwaka wa pili wote. Alieleza kwamba hayo ni mazoezi ya vitendo ya sura ya saba, na kwamba farasi hawakupatikana. Nasikia waliosukuma mlimani waliongezewa alama, na waliosukuma kwenye mteremko hawakupata kitu.

Tusimnyime sifa zake. Alisimamia kazi nyingi za mwisho wa masomo, ikiwemo ile maarufu iliyolinganisha mgomo wa Winnipeg wa 1919 na migomo ya walimu wa Kivu. Jopo la watahini lilikwama mapema, kwa sababu mgomo wa Winnipeg ulidumu wiki sita, na mtahini mmoja aliuliza kama wiki sita zinaweza kweli kuitwa mgomo. Wasichana walipenda siku aliyofundisha kwamba ni mwaka 1929 tu ndipo majaji walipokubali kwamba mwanamke wa Kanada ni mtu mbele ya sheria ya kuingia baraza la juu la bunge. Siku hiyo vigelegele vilipita ukuta wangu. Alipowaeleza kwamba waziri mkuu wa Kanada wa wakati wa vita vya pili vya dunia alikuwa akitafuta shauri kwa marehemu mama yake, darasa halikushangaa hata kidogo. Walitaka tu kujua mama alijibu nini.

Sasa nifike kwenye kasoro yake kubwa, ambayo kila aliyepita mikononi mwake anaijua. Katika somo la Papa Zagabe, cours kama aliitavyo yeye, mtu hatoki. Kuingia unaweza kuingia, hata ukichelewa, atakusalimia na kukuuliza habari za nyumbani. Kutoka, hapana. Uwe na simu ya haraka, uwe na malaria, uwe umekunywa chupa nzima ya maji kabla ya kipindi, utakaa mpaka mwisho. Wanafunzi waliinua vidole, yeye akaviangalia kama mtu anayeangalia picha, na akaendelea na bei ya ngano. Wengine walimwita Papa Kanada. Wengine walimwita kwa jina ambalo jarida hili haliwezi kulichapa, linalohusu kibofu.

Mimi kila mwezi wa kumi, katika kikao cha idara, nilikuwa nikitoa hoja kwamba somo hili lifutwe. Hoja yangu ilikuwa nzuri, na bado naipenda. Sisi tuna vita vyetu, nilisema, vya kutosha na kubaki. Tuna wakimbizi wetu, njaa yetu, vijana wetu wanaochukuliwa. Kwa nini mtoto wa Mwenga akae saa nzima akisikiliza jinsi watu wa theluji walivyogombana miaka mia iliyopita? Kila mwaka Papa Zagabe alisikiliza kwa adabu, akakunja miwani yake, akanijibu kwa maneno yaleyale:

“Maman Bibiane, acha batoto baone vita moja yenye iliishaka.”

Kisha kikao kikaahirishwa kwa sababu ya umeme.

Hivyo tukafika mwaka jana. Asubuhi moja ya mvua, wageni wenye bunduki walipanda kilima chetu kwa magari mawili. Sitawataja, kwa kuwa jarida hili husomwa na watu wa kila aina, na wengine hawana ucheshi. Walikuwa wakitafuta vijana wa kujitolea, yaani vijana ambao wangejitolea wapende wasipende. Mkurugenzi alikuwa na mkutano muhimu sana mahali pengine. Ukumbi wa kwanza waliokutana nao ulikuwa wa Papa Zagabe, na ndani yake ulikaa mwaka wa tatu wote. Guylain, mwanangu wa kwanza, alikuwa humo. Mimi nilikuwa upande wa pili wa mbao, na kila neno nililisikia.

Kamanda wao, kijana wa sauti kubwa, aliamuru: “Bavulana bote, inje!”

Papa Zagabe alimkaribisha kama mtu aliyemngoja. Nilisikia kiti kikivutwa.

“Karibu, mon commandant. Kwa cours yangu mutu hatokake mbele iishe. Lakini wewe uko mugeni wetu, ikala kwanza. Leo tuko naongea juu ya kuingiza bantu mu jeshi.”

Nadhani kiti ndicho kilichomponza kamanda. Kilikuwa kiti cha mwalimu, chenye mto, mbele ya watu wote. Aliketi, akawaambia askari wake wangoje kidogo.

Wiki iliyotangulia darasa lilikuwa limefika 1917. Papa Zagabe akaanza upya 1914. Alieleza jinsi vijana walivyojiandikisha kwa hiari mwanzoni, na jinsi hiari ilivyokauka. Alieleza sheria ya kuwachukua kwa nguvu, na uchaguzi uliofuata, na wakulima walioahidiwa kwamba wana wao hawataguswa, na ahadi ilivyofutwa kura zilipokwisha kupigwa. Alipita jimbo kwa jimbo. Akasimama kwenye ngano, akaikalia. Miaka yote nimesema kwamba somo hili linalaza watu, na hakuna aliyenisikia. Siku ile, kupitia mbao, nilisikia kamanda akipiga miayo.

Ndipo sauti ya Josué, kijana wa Shabunda, ikaomba ruhusa ya kwenda chooni.

Nilishika meza. Nilijua jibu, kila mtu pale alijua jibu.

“Toka, mwana wangu,” alisema Papa Zagabe. “Ruhusa umepewa.” Na akarudi kwenye ngano.

Wanafunzi wakaelewa; yale ambayo sikuyaona, wasichana walinisimulia baadaye. Kidole kimoja baada ya kingine, polepole, kwa adabu. Askari wa mlango wa nyuma aliwapisha, maana kamanda hakusema neno, na kamanda macho yake hayakuwa wazi tena. Wote mnajua vyoo vyetu viko wapi: nyuma kabisa, chini, pembeni mwa mashamba ya mihogo, ambako njia inateremka mpaka ziwani. Tumelalamika miaka mingi kwamba viko mbali mno. Naomba yale malalamiko yafutwe.

Nilisikia sauti ya Guylain ikiomba ruhusa. Nilisikia ikipewa. Nilisikia mlango ukijifunga nyuma yake. Sijawahi kumpenda mtu asiye wa ukoo wangu kama nilivyompenda yule mzee na ngano yake.

Kamanda alipozinduka aliuliza kwa uchovu: “Muzee, hii cours itaisha saa ngapi?”

“Tuko mu 1918, mon commandant. Tunaenda mpaka 1945.”

Hapo ndipo alipotazama madawati. Walikuwa wamebaki wasichana.

“Bavulana bako wapi?”

“Kwa choo. Baliomba ruhusa.”

Walimchukua yeye. Maman Adèle alifunga biashara yake, akaja kukaa uani kwetu, akatazama barabara. Sisi wenye vyeo tulikwenda huku na huku kubisha hodi kwa watu wanaojuana na watu. Sikufanya utani wiki ile. Jumamosi alirudi bila viatu, bila miwani, uso umevimba upande mmoja. Jumatatu aliingia ukumbini amevaa viatu vya mtu mwingine, akawaambia waliokuwepo: “Tulikuwa mu 1918.” Habari ya siku alizokuwa huko hakuisimulia, yeye ambaye hajawahi kufupisha kitu.

Nilimwendea kumshukuru, nikalia mbele yake kama mtoto. Guylain wakati huo alikuwa amekwisha kufika kwa shangazi yake, mbali, na bado yuko huko, mzima. Papa Zagabe alipangusa miwani yake mipya, akaonekana mwenye wasiwasi wa kazi.

“Kwangu Guylain hayakatoroka,” alisema. “Kwa cours yangu, iko tu kwa choo. Akirudia, ataendelea.”

Basi, wasomaji wa jarida, mmekwisha kuelewa dari ile tuliyoitazama. Tuliitazama muda mrefu. Mkuu wa idara, Maman Mireille, alikuwa amekwisha kufungua kinywa kusema kwamba kwa kukosa mwalimu somo litasimamishwa, na Papa Zagabe alikuwa amekwisha kuinamisha kichwa. Niliona mkono umeinuka. Nilipoangalia vizuri, ulikuwa wangu. Naomba ieleweke kwamba hoja yangu ya mwezi wa kumi bado ni nzuri. Nimelichukua somo la Kanada kwa muhula mmoja tu, mpaka apatikane mtu anayefaa. Wenzangu walicheka sana, na Papa Zagabe alicheka kuliko wote, sijui walikuwa wanacheka nini.

Papa Zagabe, tunakushukuru: kwa ndoo ya theluji, kwa gari la kusukumwa, kwa vita moja iliyokwisha, na kwa watoto wetu walioko chooni mpaka leo. Wewe na Maman Adèle mpate siku nyingi za amani pale Bagira, vinywaji baridi karibu, gari linalowaka lenyewe, na viatu vyako mwenyewe miguuni. Umekaa mpaka mwisho wa kipindi, kama ulivyotulazimisha sisi sote. Toka sasa, Papa. Ruhusa umepewa.

Bibiane, Idara ya Historia