Fulana ya Idara ya Pombe

Binti na shangazi yake walikaa mbele yangu ndani ya basi, kwa hiyo kusikia hakukuwa kosa langu.

"Wakwe wakikuuliza, sema unasomea chakula," shangazi mtu alisema, akimfunika binti mtandio mgongoni.

"Nasomea kutengeneza pombe, shangazi. Ni shahada kamili."

"Shahada ya aibu. Watasema tunawapa mlevi."

"Mimi sinywi."

Shangazi aliguna. Nadhani hilo ndilo lililomuudhi zaidi.

"Mjomba ndiye anayekunywa," binti akaendelea, "miaka yote bila shahada, na kwenye posa mkampa yeye usemaji."

"Mjomba wako ni mwanamume."

"Hamira haiulizi hayo. Inataka pipa safi tu."

Mzee aliyekaa pembeni yangu, ambaye pumzi zake za pombe zilikuwa ushahidi tosha kwamba ndiye mjomba mwenyewe, aliinama akatazama viatu vyake.

"Basi ukifika pale ufunge mdomo," shangazi akasema. "Nitajibu mimi."

Basi likasimama. Wakwe walikuwa kituoni, wamevaa vizuri, wanapunga mikono. Binti alivua mtandio, akaukunja taratibu, akamwekea shangazi mapajani na kutangulia kushuka. Mgongoni, fulana yake ilikuwa imeandikwa kwa herufi kubwa: IDARA YA UCHACHUSHAJI NA POMBE.

Aliwaamkia wakwe, kisha akageuka kumsubiri shangazi yake.