Skrubu ya Mguu wa Mama

Benchi la mbele ya karakana lina mguu mmoja wa chuma aliouchomelea Fundi mwenyewe, na hapo ndipo jamaa wanapopiga soga na kahawa kabla ya kazi. Siku hiyo Fundi hakuwasha hata mashine. Mama yake aliteleza bafuni akavunjika kifundo cha mguu, na mifupa yake, kwa uzee, imekuwa dhaifu. Daktari alimwita Fundi kando, mlangoni mwa wodi, akampa njia mbili: skrubu ya kawaida, ambayo huenda ikabidi mama aje kupasuliwa tena ili itolewe, au ya chuma kipya kinachoisha chenyewe mwilini, kama kinavyoliwa na kutu, mfupa ukiunga. Jibu linatakiwa leo. Fundi moyo ulimwelemea, akauleta mzigo wake kijiweni.

— Chuma kinachoisha? aliruka Breki, dereva wa lori asiyejua kunyamaza. Mteja akikuletea chuma cha hivyo, utamtengenezea geti?

— Ningemfukuza, alisema Fundi. Lakini huyu ni mama.

— Na kikiisha kinakwenda wapi? Kwenye damu! Apite karibu na sumaku, ananasa hapo hapo.

— Acha ushamba, alisema Profesa, aliyepewa jina hilo kwa kusoma magazeti ya jana. Tatizo ni uchu. Mwili ukishaonja chuma, utaacha? Utamaliza skrubu, uhamie kwenye meno ya bandia.

— Halafu pete ya ndoa!

— Halafu kijiko, uji ukiwa bado mdomoni!

Walicheka. Fundi hakucheka. Maisha yake yote amepigana na kutu, na leo anaambiwa aiamini ndani ya mguu wa mama yake. Aliogopa, na aliona haya kusema.

— Basi mwekee ya kawaida, alisema Breki, sauti imeshuka.

— Apasuliwe mara mbili, kwa umri ule? alisema Fundi.



Mara akatokea dada mdogo wa Fundi, ametoka wodini, macho mekundu kwa kukesha.

— Shikamoo, kaka.

— Marahaba. Mama anaendeleaje?

— Aliwasikia pale mlangoni, wewe na daktari. Alijifanya amelala tu. Kaniagiza nikuulize: “Mifupa yangu inaunga polepole. Hicho chuma kikiisha kabla haijashika, nitasimamia nini?”

Breki alitazama ndani ya kikombe. Profesa alivua miwani, akaivaa tena.

— Ukamjibuje? aliuliza Fundi.

— Nimjibu nini, kaka? Aliyeitwa mlangoni ni wewe.

Fundi aliinuka, akavuta mlango wa karakana na kuufunga.

— Twende. Safari hii daktari ataongea kando ya kitanda cha mama, naye mama aulize mwenyewe.