Mrija wa Kipriani Mpawenimana, 1981–2025

Mliofika tunawashukuru, hata mliofika na haya usoni. Tunayemzika leo ni Kipriani Mpawenimana, mtoto wa pili wa marehemu mzee Stanislaus na mama Winnie. Alizaliwa Muyama tarehe 14 Agosti 1981, kwa wazazi waliovuka kutoka Burundi na nguo za mwilini tu.

Alianza darasa la kwanza hapo hapo Muyama mwaka 1990, akamaliza la saba mwaka 1996. Alilima maharage, kisha akaja Kasulu mjini kutengeneza baiskeli. Mwaka 2018 mkutano wa mtaa ulimchagua kuwa mhudumu wa afya wa jamii. Mikono iliyonyooshwa siku ile ni hii hii yenu.

Tarehe 9 Septemba 2006 alifunga ndoa Kibondo na Esteri Ininahazwe. Maharusi walipewa mtungi mmoja wa urwagwa, pombe ya ndizi, na mrija mmoja, kama desturi yetu. Kipriani akavuta kwa pupa, pombe ikamtokea puani, shela la bibi harusi likaharibika. Mkwewe akasema, "Hata kunywa hajui, na binti tumeshampa." Kicheko cha siku ile Esteri anacho mpaka leo.

Dondakoo lilipoingia mjini mwishoni mwa mwaka jana, kazi yake ikawa kulifuatilia: nani koo linamuuma, nani shingo imevimba, nani amekufa na amekufa kwa nini. Watoto walimzoea. Wakimwona na tochi yake kwa mbali, wanajipanga barabarani midomo wazi. Waliomsumbua ni wazazi. "Wamesafiri." "Wamelala." "Hapa hakuna mgonjwa, kaulize kwa jirani." Na nyuma ya mlango anasikia mtoto anavyohangaika kupumua.

Kwa kuwa ugonjwa huo hupita kwenye mate, alichonga mrija wake wa tete wa kunywea penye mitungi ya pamoja, akawa anatembea nao mfukoni mwa shati. Mlimcheka. Mlimwita Mzungu wa Mrija.

Jumamosi tarehe 15 Februari alifika kwenye matanga ya mtoto aliyezikwa harakaharaka, ikasemwa ni kimeo kilichomuua. Mwenye mji ule familia haimtaji. Anajijua, na amekaa hapa.

"Rudisha mfukoni huo mrija, shemeji," alimwambia Kipriani penye mtungi. "Kama unaogopa mate yetu, na habari zetu usizitake."

"Nikinywa, mtaniambia wagonjwa wengine wako wapi?"

"Kunywa kwanza."

Alikunywa kwa mrija wao. Alijua anakunywa nini. Ndipo wakamtajia watoto watatu waliokuwa wamefichwa. Wawili walifikishwa hospitali jioni ile ile, na sasa wako nyumbani wanakula. Wa tatu, Ndayikeza, mtoto wa miaka sita, gari lilikuta ameshatoroshwa kwenda Kibondo kwa bibi yake.

Jumanne koo la Kipriani likaanza kuuma, na kesho yake akalazwa. Dawa alipewa, lakini moyo wake ulishaharibiwa na sumu ya dondakoo. Dada yake Epifania alimuuliza akiwa nje ya dirisha, "Ulijua, ukanywa. Una akili wewe?" Kwa sauti iliyokuwa imebaki alisema, "Ndayikeza ameonekana?"

Alifariki alfajiri ya Jumapili, tarehe 23 Februari 2025. Tusidanganyane kwamba ni mapenzi ya Mungu. Mungu hakumshikia mtu yeyote mrija mdomoni.

Ameacha mama yake Winnie, mjane wake Esteri, watoto watatu, na dada yake Epifania aliyeandika haya. Shati lake amevalishwa, na mrija wake wa tete umo mfukoni. Tunamzika nao.

Leo hakuna mtungi wa pamoja. Kila mtu na kikombe chake, na anayeona ametukanwa, njia aliyojia anaijua. Barabarani pale kuna gari la kwenda Kibondo, na nesi yumo ndani anangoja aelekezwe nyumba ya bibi yake Ndayikeza. Humu msibani wapo wanaoijua, na mmoja ni mama aliyemzaa mtoto huyo. Anayeijua asishike udongo wa kaburi hili kabla hajasema.

Wengine huombewa wapumzike kwa amani siku wanapozikwa. Kipriani ataipata yake siku Ndayikeza atakapofungua mdomo mbele ya tochi.